Namba Ndogo Iliyo Pembeni

Kuna siku moja ya Julai ninayoikumbuka mpaka harufu yake, mwanangu: wino wa mashine ya kuchapa, makaa ya jiko lililowekwa chini ya meza, na makoti ya watu waliotembea kwenye ukungu tangu asubuhi. Nyeri ya Julai unaijua. Mlima haujitokezi wiki nzima, na mtu akiingia dukani anasogea kwanza kwenye jiko kabla ya kusema alichokujia. Nitakurudisha kwenye siku hiyo, lakini niruhusu nianze na ujumbe wako.

Ulinitumia picha za paketi mbili za RAM, ile kumbukumbu ya kompyuta, ukiwa umesimama dukani, na maneno haya: "Dad, hizi mbili gani ndio poa? Si hiyo ya 6400 ndio iko juu? Jibu haraka, jamaa wa duka anangoja." Nami nikakujibu kabla sijavaa miwani vizuri: chukua ya 6000. Ukauliza kwa nini, nikasema nitakuandikia nikitulia. Sasa nimetulia. Chemsha chai, kwa maana baba yako hajui kufupisha, na mama yako ameshanionya.

Najua hiyo kompyuta ni ya studio yako ya Chaka, ya kukatia video za harusi na ruracio, zile sherehe zetu za mahari. Nimefurahi kuliko ninavyoonyesha. Katika kazi hii mtu wa umri wangu ni wa kale kabisa. Vijana wa mjini huniita "guka", yaani babu, hasa wanapotaka niwatengenezee kitu bure. Sikasiriki. Guka ana haki ya kurudia hadithi, na hii hujawahi kuisikia yote.

Nilipokuwa kijana nilifanya kazi kwa Mama Wairimu, aliyekuwa na duka la kuchapa pale Nyeri mjini, ghorofani, nyuma ya soko. Tulichapa barua za kuomba kazi, katiba za vikundi vya akina mama, kadi za harusi. Lakini kazi iliyolipa kodi ilikuwa vijitabu vya mazishi. Unavijua: picha ya marehemu mbele, historia ya maisha yake ndani, na orodha ya familia yote, ambayo husomwa kwa sauti mbele ya waombolezaji kabla jeneza halijateremshwa. Familia ikija kwa kazi hiyo haiji na mtu mmoja. Inajaza duka, na kila mmoja ana neno la kurekebisha.

Kabla ya kufungua duka, Mama Wairimu alikuwa opereta wa simu, zamani zile ambapo huwezi kumpigia mtu mpaka mwanamke fulani aliyekaa mbele ya ubao wenye taa na nyaya akuunganishe. Ukiinua simu nyumbani kwako, taa inawaka kwenye ubao wake, naye anasema, "Namba, tafadhali." Miaka yote hiyo ilimkaa kooni. Mteja akitokeza kichwa mlangoni, hata kama Mama Wairimu amejaza mikono karatasi, utasikia, "Namba, tafadhali." Wateja walicheka. Sisi wafanyakazi tulimwigiza akienda kula. Alijua, na hakujali.

Basi siku hiyo ya Julai iliingia familia kutoka Giakanja. Mzee wao alikuwa amefariki na maziko yalikuwa kesho yake. Mbele alikuwa kifungua mimba wa nyumba ya kwanza, mwalimu aitwaye Muriuki, mtu wa suti iliyopigwa pasi na macho mekundu ya kukosa usingizi. Alishika maandishi yote mkononi. Alisoma, nami nikapiga chapa kwenye kompyuta. Nilikuwa na mkono mwepesi siku hizo, na mashine yetu ya kuchapa ilikuwa mpya. Nilijivunia ile mashine kama mtu anayejivunia ng'ombe wa maziwa. Ilitema karatasi bila kupumua.

Nyuma kabisa, karibu na mlango, alikaa mama mmoja mwenye leso nyeusi. Alikuwa mke mdogo wa marehemu. Nilipokuwa napiga orodha ya watoto, aliinua mkono kidogo, jinsi mtu anavyoinua kanisani akiwa hana uhakika kama ameruhusiwa. Nikamwambia, "Ngoja kidogo, mami, nimalizie hapa." Nikaendelea. Akainua tena. Mwalimu Muriuki alikuwa ananisomea wajukuu, na wajukuu walikuwa wengi. "Kidogo tu, mami." Halafu mwalimu akasema, "Print sasa, tumechelewa. Bado tunaenda mortuary." Nikabonyeza, na ile mashine yangu ikaanza kutema.

Mama Wairimu alitoka chumba cha nyuma akiwa na kikombe cha chai. Alimwangalia yule mama, akaniangalia mimi, akaangalia lundo lililokuwa linapanda. Aliweka kikombe chini, akainama, akachomoa waya wa mashine ukutani. Lundo likaacha kupanda. Akamgeukia yule mama wa mlangoni na kusema kwa ile sauti yake ya zamani, laini na iliyonyooka:

"Namba, tafadhali."

Yule mama akatazama nyuma yake kuona ni nani anayeambiwa.

"Ni wewe, mami. Umeinua mkono. Sema."

Akasimama. Alishika leso yake kwa mikono miwili. "Mzee ako na watoto wengine wawili," alisema. "Wangu. Hawajaandikwa. Mimi sitaki kuwekwa kwa picha, sitaki chochote. Nataka tu wasomwe."

Mwanangu, wewe umezaliwa kwetu, huhitaji kuelezwa sana. Mtoto ambaye hakusomwa siku ya kumzika baba yake ataulizwa maisha yake yote yeye ni wa nani. Ataulizwa kwa chifu, ataulizwa kwenye mipaka ya shamba, ataulizwa na wakwe siku ya ruracio. Na hakuna atakayerudisha ile siku ili isomwe upya. Wale watoto wawili walikuwa nyumbani wakipika chai ya waombolezaji, hawana habari kwamba jambo lao limo ndani ya mashine ya kijana mmoja mwenye haraka.

Mwalimu Muriuki alisema, "Hiyo tutaongea nyumbani, mama mdogo."

"Nyumbani mtaongea ya shamba," Mama Wairimu akamjibu. "Hapa ni majina tu. Mwalimu, wewe huita register kila asubuhi. Ukiruka mtoto ako class, unaandika ati hayuko?"

Mwalimu alienda dirishani akasimama akitazama ukungu, na sisi wote tukatazama mgongo wake. Mimi nilidhani angetoka na kutafuta duka lingine, na maduka mengine yalikuwepo. Kisha akasema bila kugeuka, "Andika. Baada ya Nderitu. Wambui. Jina la ubatizo ni Gladys, liweke mbele. Halafu Gichuki. Yeye ni Simon."

Aliyajua yote, mpaka ya ubatizo. Yule mama alikaa chini na kuanza kulia polepole, na dada mmoja wa nyumba ya kwanza akasogea akakaa karibu naye.

Ndiyo, Wambui ndiye huyo huyo unayemfikiria, mama yako. Yule mama wa leso nyeusi ni cucu yako, bibi yako wa Giakanja, yule anayekupigia simu halafu anasahau alitaka kusema nini. Wiki iliyofuata binti yake alikuja dukani kuomba nakala moja ya kijitabu, kwa sababu zote zilichukuliwa siku ya maziko. Wakati huo nilikuwa nimeshapata somo langu, kwa hiyo nilimjibu kabla hajamaliza kusalimia. Mama yako husema nilimjibu mambo ambayo hakuwa ameuliza. Mwache aseme.

Lakini nirudi nyuma kidogo, kwenye jioni ya siku yenyewe. Familia ilipoondoka na vijitabu vilivyo sawa, Mama Wairimu alinimiminia chai na kuniketisha. Lile lundo la kwanza, lisilo na majina, alikuwa amelikata vipande, na tuliandikia oda nyuma yake kwa miezi mingi.

"Githinji," akaniambia, "leo umefanya kazi mbio sana. Lakini yule mama ameita, na wewe hukujibu."

Nikasema nilimjibu, nilimwambia angoje.

"Hiyo si kujibu. Kwa exchange ya simu tulikuwa na msichana mmoja, alikuwa anaongea mbio kuliko sisi wote. Akishika simu yako, mara moja amemaliza. Lakini anaacha taa zinawaka. Mtu ameinua simu huko Othaya, mtoto anaumwa, taa inawaka tu. Unajua huyo mtu anakumbuka nini? Hakumbuki uliongea mbio namna gani. Anakumbuka hiyo kimya kabla ujibu."

Hakunifokea. Angenifokea ningesahau. Alisema kama mtu anayemweleza mwingine mahali sukari inapokaa, kisha akaondoka kwenda kufunga madirisha.

Sasa ndipo tunafika kwenye RAM, nawe utasema hatimaye.

Muda si mrefu baadaye Mama Wairimu aliamua tuunde kompyuta mpya, ya kukalisha familia mbele yake na kurekebisha vijitabu wakiwa wanaona. Tulienda kwa Bwana Hamisi, aliyekuwa akiuza vipuri vya kompyuta karibu na mtaa wa Majengo, mtu mpole asiyemharakisha mteja. Alitandika kitambaa safi mezani na kuweka vipande viwili vya RAM. Ukubwa wake ulikuwa sawa. Kimoja kiliandikwa 400, kingine 333.

"Hii ya mia nne ndiyo mpya," Hamisi alisema. "Kila anayeingia anaitaka hii."

Mimi nilikuwa nimeshaishika mkononi. Mama Wairimu akavuta miwani yake puani. "Na hii namba ndogo hapa pembeni? Huyu ako na tatu, huyu ako na mbili."

Hamisi akafurahi kuulizwa. Akatuchorea kwenye boksi la sigara. Namba kubwa, alisema, ni kasi ya kubeba: data ikishaanza kupita, inapita nyingi kiasi gani. Namba ndogo ni kusubiri: kompyuta ikishaitisha kitu, RAM inakaa mapigo mangapi, kama ya saa, kabla ya kuanza kutoa. Na hapa ndipo wengi hukosea mpaka leo, mwanangu, kwa hiyo soma taratibu. Ile namba ndogo haihesabu muda, inahesabu mapigo. RAM yenye kasi ina mapigo mafupi, na RAM ya polepole ina mapigo marefu. Huwezi kuilinganisha namba ndogo ya huku na ya kule bila kuileta kwanza kwenye muda halisi. Kuileta si kazi ngumu: zidisha namba ndogo kwa elfu mbili, kisha gawanya kwa namba kubwa. Unapata nanosekunde, yaani vipande vya sekunde vidogo kiasi kwamba hakuna jicho linaloviona.

Nikapiga hesabu kwenye lile boksi. Ile ya 400 yenye tatu ilitoa kumi na tano. Ile ya 333 yenye mbili ilitoa kumi na mbili.

"Kwa hivyo hii ndogo inajibu mbele ya ile," Mama Wairimu alisema.

"Inajibu mbele, mama," Hamisi akakubali, "lakini ile kubwa hubeba zaidi. Kama kazi yenu ni kusukuma mizigo mirefu, chukueni hiyo. Kama ni kuitwa huku na huku kwa vitu vidogo vidogo, chukueni hii."

Mama Wairimu hakufikiri muda mrefu. Alijua kazi ya duka lake ilikuwa nini: herufi moja ya jina, tarehe moja, mjukuu mmoja aliyesahaulika, watu kumi nyuma ya kiti. Alichukua ya 333. Nilinung'unika njia nzima, kwa maana nilitaka kuwaambia wenzangu tuna mia nne.

Nisikudanganye kwamba tulipofika dukani kompyuta iliruka kwa furaha. Tofauti ya nanosekunde tatu haionekani ukifungua barua. Kilichotusaidia zaidi siku ile ni kwamba Mama Wairimu alinunua RAM ya kutosha, maradufu ya ile ya zamani. RAM ikijaa, kompyuta huenda kutafuta nafasi kwenye diski, na hapo ndipo unapobonyeza kitu ukaenda kuchemsha maji. Kwa hiyo ukubwa kwanza. Ukishatosheka na ukubwa, ndipo uje kwenye kasi na kusubiri, na uvipime pamoja, usipime kimoja.

Sasa rudi kwenye paketi zako. Ukubwa ulikuwa sawa. Moja ni 6400 yenye 40 pembeni. Zidisha, gawanya: nanosekunde kumi na mbili na nusu. Nyingine ni 6000 yenye 30. Zidisha, gawanya: kumi kamili. Video zako ni mizigo mirefu, kweli, na kubeba kuna maana kwako. Lakini 6400 inabeba zaidi kwa kiasi kidogo tu, halafu inakusubirisha robo zaidi kila ikiitwa, na wewe ukiwa unakata video utakuwa unairudisha nyuma na mbele siku nzima. Ndiyo maana nikasema chukua ya 6000. Kama ungenionyesha 6400 yenye 32, hesabu ingetoa kumi vilevile, na ningekwambia beba hiyo, mradi bodi ya kompyuta yako inaikubali. Sipendi namba ndogo kwa sababu ni ndogo, wala sichukii kubwa kwa sababu vijana wanaipenda. Ninatazama zinakutana wapi.

Na ukiifunga, usiishie hapo. Ingia kwenye mipangilio kompyuta inapowaka na uwashe kasi iliyoandikwa kwenye paketi, maana bila hivyo RAM hukimbia kwa kasi ya chini na wewe unadhani umeibiwa. Tumia vipande viwili vya paketi moja, usichanganye na kile cha zamani ulichonacho kwenye droo. Najua unacho. Vikichanganywa, vyote vitafuata mwendo wa kile kizembe, au vikatae kuwaka kabisa.

Mama Wairimu hayuko tena. Alipofariki, familia yake ilinijia mimi niandike kijitabu chake, na walijaza chumba jinsi ambavyo watu wa kazi hiyo hujaza. Walinisomea, nami nikapiga, polepole kuliko zamani, kwa vidole ambavyo vimeanza kuuma asubuhi za baridi. Walipomaliza wakaniambia nichape. Sikuchapa. Niligeuza kiti nikawatazama waliokaa nyuma, mmoja mmoja, nikasema, "Namba, tafadhali." Wazee wakacheka na kufuta macho. Vijana hawakuelewa. Kisha msichana mmoja kule mlangoni, ambaye hakuna aliyekuwa amemuuliza, akasema Mama Wairimu ndiye aliyemlea na jina lake halimo. Tukaliandika. Nilimkumbuka Mama Wairimu siku hiyo kuliko siku ya maziko yenyewe, na nililia nikiwa nimekaa mbele ya kompyuta, nisione haya.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Ukichagua RAM, usisome namba iliyoandikwa kwa herufi kubwa peke yake; soma na ile ndogo ya pembeni, uzilete kwenye muda, uzilinganishe na kazi yako. Ukifungua studio, fanya hivyohivyo na nafsi yako. Watakusifu kwa kumaliza video haraka, na ni vizuri kusifiwa. Lakini ruracio ina watu wengi, na daima kuna mmoja aliyekaa karibu na mlango ambaye kamera haikumpata. Atainua mkono kidogo tu. Kabla hujabonyeza, geuka umtazame.

Mungu aibariki mikono yako na hiyo meza utakayofanyia kazi. Akupe kasi inayokutosha, na akuepushe na kimya kile kinachomfanya mtu ajione hayupo. Kila jina litakalopita mikononi mwako lipite likiwa zima. Nawe popote utakapoita, apatikane wa kukujibu, kama mama yako alivyojibiwa kabla hajajua kwamba ameita.

Na cucu yako amenilalamikia kwamba alikupigia jana. Huyo usimwandikie ujumbe. Mpigie.